Alama ya Chaki kwenye Mtutu wa Tatu

Kambi ya majaribio, jangwani
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Baba,

Nimefika salama. Mzinga umenitangulia kwa siku mbili na umepewa kibanda chenye kiyoyozi. Mimi nimepewa hema lenye feni.

Naandika kwa mkono kama ulivyotaka. Hata hivyo sina njia nyingine. Simu zetu wenyeji wamezichukua langoni mpaka majaribio yaishe, na hata kama ningekuwa nayo, wewe miaka arobaini ya kusimama kando ya mizinga imekuachia masikio ya mapambo tu, husikii mpaka upigiwe kelele. Kompyuta ya ofisi inasomwa na kila mtu, kuanzia bosi wetu Henrik mpaka mpishi. Uliobaki ni mkoba wa kampuni unaobeba vipuri. Unatoka huko kwetu Hällbruk Jumanne na kutufikia Ijumaa; unatoka huku Jumamosi na kuwafikia nyinyi Jumanne. Kwa hiyo usiponijibu nitajua ni uvivu, si posta.

Hapa ni soko, Baba, usidhani ni jeshi. Wakorea wako kibanda cha pili na mzinga wao wa minyororo, wanaahidi kuleta mia moja kabla mteja hajamaliza chai. Wafaransa wako mbele yao na mzinga mwepesi unaopanda ndege. Waturuki walikuja kutusalimia na sahani ya halua, tukala yote, halafu ndipo tukakumbuka kwamba ni washindani. Kila mmoja ana lake. Wakorea wanauza haraka, Wafaransa wanauza wepesi, na sisi tunauza shabaha. Hatuna kingine. Lori letu la magurudumu nane linasimama, linapiga makombora manne moja baada ya jingine, na yote manne yanaanguka kwa pamoja ndani ya duara la chokaa. Hilo ndilo tutakaloonyesha tarehe 30 Oktoba mbele ya waziri wao na majenerali wake. Yakianguka ndani, Hällbruk ina kazi. Yakianguka nje, tunakunja hema.

Leo nilipitisha mkono kwenye kitako cha mtutu na nikaiona alama yako ya chaki, ya kwamba umeukagua na kuupitisha: T, Å, na mstari chini. Mhandisi wa wenyeji aliuliza ni namba ya kiwanda? Nikamwambia hapana, huyo ni baba yangu.

Kulungu wanaonekana msituni? Msimu unakaribia, umeshasafisha bunduki?

Wako,
Tove

*

Hällbruk, 23 Septemba

Mwanangu Tove,

Barua imefika. Gun-Britt aliniletea pamoja na supu ya njegere tunayokula kila Alhamisi, ingawa haikuwa Alhamisi. Shangazi yako akitaka kupekua maisha ya mtu haangalii siku.

Usijali ukubwa wa herufi. Kalamu yangu imekauka, natumia ile nene ya kuandikia masanduku.

Huyo mhandisi umemjibu vizuri. Ila sikukueleza mtutu huo ulivyotoka, na ni kisa cha kuchekesha. Huo ni wa tatu katika ile sita ya mwaka huu. Mwezi wa sita Anneli wa mashine ya leza inayopima mitutu alinijia na karatasi yake, uso kama mtu aliyefiwa, akasema mtutu umepinda. Kiasi gani? Unywele mmoja na nusu. Nikamwambia sogea, dada. Nikaweka jicho kwenye kitako, nikatazama mwanga, nikasema umenyooka. Nikatia chaki.

Unajua utaratibu wa karakana yetu. Mashine na Tord wakigombana, anayepelekwa kutengenezwa si Tord. Mashine ikafunguliwa na kupakiwa kwenye gari. Watu walicheka sana wakati wa kahawa. Anneli hakucheka, alikula mkate wake wa mdalasini akitazama ukuta. Yeye bado mgeni, ana miaka sita tu hapa.

Nina swali. Mwezi wa nane wateja wenu wa huko walikuja kutembezwa karakana. Hapa wanasema oda ikipatikana tuna kazi ya miaka kumi. Wewe uko kwenye meza yenyewe ya mazungumzo. Ni kweli?

Bunduki nimesafisha.

Baba yako,
Tord

*

Kambini, 5 Oktoba

Baba,

Kuhusu oda, bado inapikwa na si vizuri kufunua chungu. Nitakueleza.

Tumeanza kupiga kwa mazoezi na mambo hayaendi. Makombora yanaangukia kushoto. Asubuhi kukiwa na ubaridi ni mita arobaini, mtutu ukipata moto ni sitini, juzi yalifika sabini na tano. Henrik alisema upepo. Upepo ukatulia, akasema gurudumu. Wakabadilisha gurudumu, sasa anasema kompyuta, na vijana wawili wa kompyuta hawali chakula wakashiba. Kila jioni wanaidanganya kompyuta ili ilenge kulia, na kila asubuhi kosa limehama kidogo. Ni kama kuvaa kiatu kilichopinda na kujifunza kuchechemea.

Mimi nina wasiwasi na sijui wa nini. Siketi mahali. Kushoto kwa duara, mita mia tatu, kuna kisima, na wachungaji hunywesha mbuzi hapo. Wenyeji wanasema watu wataondolewa siku ya kupiga. Siku za mazoezi waliondolewa, na saa moja baadaye nikawaona wamerudi, maana mbuzi hawasomi ratiba. Kuna mama mmoja mwenye kanzu ya kijani ambaye hunipungia mkono. Tangu nizaliwe nimekula mkate wa mizinga, Baba, na sijawahi kusimama upande inakoangukia.

Na hiyo kalamu nene. Mstari wako wa mwisho umepanda juu ya ule wa kabla yake. Macho ni mazima? Au umeanza kuandika kwenye bustani ukiwa umepakata paka?

Tove

*

Hällbruk, Jumatatu 14 Oktoba

Tove mwanangu,

Mimi shangazi yako Gun-Britt. Baba yako asijue nimeandika, na akijua nitakataa mbele ya kanisa.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Unajua tangu mama yako alipokuwa hai, Tord huvizia akiwa kwenye Jiwe la Askofu. Hakuna mtu anayethubutu hata kuliegemea. Leo alikuja na bunduki, akanywa kahawa na wenzake, halafu nafasi za kuvizia zilipogawanywa akasema goti linamuuma, jiwe apewe mwingine. Goti! Mtu aliyepanda paa langu kufagia dohani mwezi uliopita. Wanaume wakatazamana, wakaangalia viatu vyao, hakuna aliyeuliza. Wanajua, Tove. Hapa watu hujua kitu mwaka mzima na kukinyamazia kwa heshima.

Alishinda jikoni na mimi akimenya viazi. Alimenya vizuri, kwa vidole. Nilipomwomba animiminie kahawa, akamimina kando ya kikombe. Si matone, ni kikombe kizima juu ya meza, na aliendelea mpaka nilipomshika mkono. Akasema kikombe kimesogea. Nikamwambia kaka, vikombe vyangu havina miguu. Akakasirika, akatoka nje, akajikwaa kwa mbwa.

Funguo za gari lake ninazo mimi, nimemwambia zimepotea. Nimemsihi aende kwa daktari, anasema daktari ni wa wagonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo ninavyomwambia, naye anajifanya hasikii. Na kwa kweli hasikii!

Wewe ndiye anayekusikiliza. Sema naye.

Shangazi

*

Hällbruk, 14 Oktoba

Mwanangu Tove,

Macho yangu ni mazima, asante kwa kuuliza. Paka amekufa tangu Pasaka, nilikuandikia.

Leo tumefungua msimu. Nilikuwa kwenye Jiwe kabla jua halijatoka. Kulikuwa na baridi nzuri, theluji kidogo kwenye kivuli. Saa tatu hivi akatokea dume kubwa upande wa kinamasi, pembe kama kiti cha enzi. Nilimwona kutoka mita mia mbili, kila unywele. Nikamwacha apite, alikuwa mzuri mno. Unacheka, najua.

Hayo makombora ya kushoto, mwambie Henrik atazame mabano ya chini yanayoshika mtutu. Jangwa lina joto na chuma hutanuka. Mtutu wenyewe hauna neno.

Hukunijibu kuhusu oda.

Tord

*

Kambini, 19 Oktoba

Baba,

Jana mkoba ulileta barua mbili zilizoandikwa siku moja. Katika moja uko kwenye Jiwe unatazama pembe za kulungu. Katika nyingine uko jikoni unamenya viazi na unamwaga kahawa juu ya meza ya mtu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, Baba, haikufika hata uani.

Usimgombeze shangazi. Nigombeze mimi, lakini kwanza nijibu.

Mwezi wa sita, Anneli alipokuambia mtutu umepinda, ulipoweka jicho kwenye kitako, uliona au hukuona? Sitaki goti, sitaki mabano. Mabano tumeyatazama. Naogopa jibu na bado nalitaka.

Zimebaki siku kumi na moja. Nikimwendea Henrik na kumwambia mtutu umepinda, ataniuliza nimejuaje. Nitasema nini, kwamba baba yangu amemwaga kahawa? Nikinyamaza, kombora litapigwa kwa kompyuta iliyofundishwa kuchechemea, na siku likiamua kukosa zaidi, kushoto kuna kisima.

Na kwa kuwa nadai ukweli, nami nitoe wangu. Ulishaniuliza mara mbili. Oda ikipatikana, Hällbruk itatengeneza mitutu kumi na miwili. Iliyobaki itatengenezwa hukuhuku, kwa mashine zetu, kwenye karakana watakayojengewa na sisi. Siku hizi hakuna nchi inayonunua mzinga mtupu. Kila moja inataka na kiwanda chake. Wakorea wametoa, Wafaransa wametoa, nasi tumetoa. Karakana yako itafungwa baada ya huo wa kumi na mbili. Karatasi hiyo niliiandika mimi mwenyewe, mwezi wa tano, kisha nikaja kwako Jumapili tukala viazi na samaki na sikusema kitu.

Basi sasa tuko sawa. Nijibu.

Tove

*

Hällbruk, Jumapili 27 Oktoba

Tove,

Sikuona.

Barua yako ilifika Jumanne asubuhi. Mkoba uliondoka saa nane mchana na mimi bado nimekaa nayo jikoni, Gun-Britt amenisomea na kwenda zake akilia. Ningeweza kumwambia apige simu ofisini, na Henrik angeipata habari siku hiyohiyo. Sikumwambia. Nimekaa siku tano. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko jicho.

Lilianza Februari. Nilidhani ni mvuke kwenye dirisha, nikafuta dirisha. Daktari wa macho aliyekuja kiwandani mwezi wa nne alisema mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa. Nikaikunja karatasi yake na kuitia ndani ya sanduku la chambo. Ni upasuaji mdogo, alisema. Lakini nikienda hospitali watu watajua, na wakijua watauliza tangu lini.

Unakumbuka Jumamosi ya familia pale kiwandani, ulipokuwa na miaka tisa, nilikusimamisha juu ya kreti ukatazama ndani ya mtutu? Ukasema unaona kitunguu kilichokatwa. Ndivyo ilivyo. Mtutu ulionyooka, pete za mwanga hukaa moja ndani ya nyingine kama kitunguu. Uliopinda, pete husogea upande mmoja na kubanana. Mimi nimetazama zaidi ya mitutu elfu mbili, kwa hiyo zilipoacha kuonekana nikaanza kuzikumbuka. Naweka jicho, naona weupe mtupu, nakumbuka kitunguu, nasema sawa. Mingi ilikuwa sawa kweli, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Wa tatu sikuuona. Anneli aliuona. Nilimwaibisha mbele ya watu kwa kitu nilichokikumbuka.

Kuna jambo linanizunguka kichwani na halipati pa kukaa. Tunatengeneza kitu cha kuulia watu, na aibu yangu ni kwamba kimepinda. Nimejaribu kuona aibu kwa lile lingine. Imekuja kidogo tu, na imekuja na huyo mama wa kanzu ya kijani.

Kuhusu karakana, nilijua. Mmoja wa wale wageni alikuwa anapiga picha sakafu yetu na misingi ya mashine. Anayenunua mtutu hapigi picha sakafu. Nilingoja uniambie. Naona sote wawili tulikuwa tunangojeana.

Sasa sikiliza. Tazama mwenyewe. Asubuhi mapema, mtutu ukiwa baridi, elekeza mdomo wake kwenye anga jeupe, simamisha fimbo nyembamba mbele ya mdomo, uje nyuma, ufumbe jicho la kushoto. Unajua. Nilikufundisha.

Na alama ya chaki ni yangu. Usiifute. Atakayeuliza mwonyeshe, umwambie jina lote.

Kesho nitakwenda ofisini wakupigie kwa simu ya kambi. Barua hii iende hata hivyo.

Baba

*

Kambini, Jumatano 30 Oktoba

Baba,

Hakuna simu iliyokuja, na barua yako sijaipata. Nimefanya bila jibu lako.

Leo alfajiri kabla ya wengine kuamka nilimwamsha dereva wa lori letu na kumwomba mlinzi afungue kibanda. Niliwaambia nataka kupiga picha ya matangazo. Tukautoa mzinga nje, nikamwambia dereva ashushe mtutu usawa wa mtu na auelekeze mashariki, kulikoanza kuwa kweupe. Nikachomeka fimbo ya hema kwenye ndoo ya mchanga mbele ya mdomo. Nikapanda juu ya kreti, Baba, nikafumba jicho la kushoto.

Kitunguu kilikuwa kimesukumwa ukutani. Sikuhitaji kutazama mara mbili, lakini nilitazama mara nne.

Nilikaa juu ya kreti. Nilitaka kulia na nilitaka kukupiga. Halafu nikaona alama yako, T na Å na mstari, safi kana kwamba umeiandika jana. Nikaifuta. Nilitumia mkono wa shati langu na mate. Nikafuta mpaka chuma kikang'aa, kisha ndipo nikaenda kumwamsha Henrik.

Nikamwambia mtutu umepinda, njoo utazame. Alitazama na hakuona kitu, maana hajafundishwa, lakini aliniamini, kwa sababu lilikuwa jibu la wiki nne za kuchanganyikiwa. Aliuliza nani aliupitisha. Nikasema sijui. Nimelisema neno hilo kwa mdomo wangu.

Saa nne waziri alifika na magari ishirini. Henrik akawaambia kompyuta ina hitilafu, tunaomba wiki tatu. Walinong'ona, wakacheka kidogo, wakatupa mpaka tarehe 20 Novemba. Mtutu mwingine utaletwa kwa ndege. Wakorea walitutumia keki ya pole. Kule kisimani hakuna aliyeondolewa leo. Yule mama alikuwepo na mbuzi wake, akanipungia, nami nikampungia mikono yote miwili kama mwehu.

Hakuna atakayejua ni wewe. Nenda hospitali sasa, Baba. Nakuomba.

Tove

Ijumaa, 1 Novemba. Mkoba umefika na barua yako. Umesema nisiifute. Nimeisoma siku mbili baada ya kuifuta. Naiacha barua yangu kama ilivyo, uijue yote.

*

Hällbruk, 11 Novemba

Mwanangu Tove,

Usifurahie herufi ndogo. Macho hayajapona. Anaandika Anneli, mimi nasema, na amenitisha kwamba ataandika kila ninachosema hata nikitukana.

Nilikuahidi kwenda ofisini Jumatatu ile. Nilifika mpaka mlangoni. Kulikuwa na watu wanakunywa kahawa, mmoja akasema, huyu hapa jicho la Hällbruk, nikageuka nikaenda kununua maziwa. Nilikuwa nayo maziwa nyumbani.

Barua yako Gun-Britt alinisomea Jumanne iliyopita, na uliposema hakuna atakayejua, moyo wangu ulitua, nikalala vizuri. Nakueleza ili ujue baba yako ni mtu wa namna gani. Nililala vizuri kwa siku mbili.

Alhamisi kwenye supu ya njegere kiti cha Anneli kilikuwa kitupu. Nikauliza anaumwa? Wakasema amesimamishwa. Henrik alikuwa ameandika kutoka huko kwamba mtutu umepinda, wakafungua faili kutafuta aliyeupima. Faili linasema mashine ya Anneli ilikuwa mbovu mwezi wa sita, ikapelekwa kutengenezwa. Jina langu halimo popote. Langu lilikuwa kwa chaki. Na chaki ilikuwa imefutwa.

Watu mezani walikuwa wanajua, Tove. Wote walikuwepo siku ile ya mkate wa mdalasini. Walitazama sahani zao, wakanionea huruma, mimi, si yeye. Nikasimama. Nimeambiwa nilipiga kelele sana, maana sijisikii ninavyosema. Nilisema, mtutu wa tatu niliupitisha mimi na nilikuwa sioni. Nilisema, Anneli aliona, mashine iliona, nyinyi mkanichagua mimi kwa sababu ya mazoea, nami nikawaacha. Nikaenda na sahani ya supu mkononi mpaka kwa mkurugenzi nikasema tena. Supu ilimwagika ngazi nzima.

Mimi wamenirudisha nyumbani, yeye wamemrudisha kazini. Leo wamenikubalia kuingia kama mgeni. Yeye alitazama, mimi nikamweleza anachotazama. Wa nne uko sawa, wa sita uko sawa, wa tano umepinda kidogo. Ana jicho zuri. Nilipaswa kumwambia hivyo miaka sita iliyopita. Hospitali wananingoja tarehe 3 Desemba.

Sasa wewe. Najua tarehe 20 ni lini, na najua wakisikia kweli huenda wakaenda kwa Wakorea, na mji huu usipate hata hiyo kumi na miwili. Watu wamenilaani leo barabarani na wana haki. Lakini huo mtutu utafungwa kwenye sanduku urudi, na wote huko wanaamini kompyuta ilikosea. Kesho watauziwa mingine na watu wanaosema kompyuta ilikosea. Nimefikiri sana. Mtu anayepiga kwa mzinga wangu lazima ajue kwamba palipo na alama pana mtu, na kwamba pakikosewa mtu huyo atasema.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha chaki. Ni ileile ya mfukoni mwangu. Unajua ilikokuwa alama.

Baba yako,
Tord

Mimi Anneli. Alilia kidogo alipofika kwenye chaki. Ameniambia nisiliandike hilo.

*

Kambini, Jumamosi 16 Novemba

Baba,

Nimeiandika leo asubuhi. T, Å, na mstari chini. Å imeegemea upande.

Nilimwita kanali wao anayesimamia majaribio, na Henrik alikuwepo, na vijana wa kompyuta. Nilisema jina lako lote. Nikasema na langu, kwamba niliifuta mimi na kwamba hitilafu ya kompyuta ilikuwa uongo. Kanali aliomba aonyeshwe. Nikamsimamisha juu ya kreti. Alitazama muda mrefu, akauliza pete zinatakiwa zikae wapi. Nikamweleza. Akashuka, akasema kwa miaka ishirini ya kununua mizinga hajawahi kuonyeshwa kosa na muuzaji. Sijui hilo litatufaa au litatuzika. Wakorea wanapiga Jumatatu.

Henrik hasemi nami. Wamenikatia tiketi ya Alhamisi, na nadhani sina kazi. Nilikwenda kisimani kumuaga yule mama. Hatuelewani hata neno. Alinipa maziwa ya mbuzi, nikayanywa nimesimama kushoto kwa duara, mita mia tatu, na niliogopa mpaka tone la mwisho.

Ijumaa mchana nitakuwa jikoni kwako. Weka kahawa. Mimina wewe mwenyewe, usimpe shangazi birika. Nitashika kitambaa, meza nitaifuta mimi.

Tove